Hawakuuliza Alivushaje

Nilipoacha kazi ya ukalimani mwezi uliopita nilikuwa nimeazimia kunyamaza na kulima mpunga wangu. Lakini juzi nilipita barazani hapa Ifakara kuwasalimu, nikakaa benchi la nyuma, nikamsikia mama mmoja wa Mang'ula akisema mbele ya Bwana Shauri, "Nusura nimpige." Kijana mkalimani, mwenye kalamu mbili mfukoni, akamgeuzia Mwingereza huyo kwamba mama amempiga. Mama akaadhibiwa. Alipokuwa anatolewa nje alikuwa bado anasema nusura, nusura, kama mtu anayemwita mbwa wake aliyepotea.

Nikamfuata yule kijana uani. Akanisalimu kwa adabu zote, shikamoo mzee, habari za kupumzika, kisha akaniambia, "Neno lenyewe dogo, mzee. La muhimu ni kitendo."

La muhimu ni kitendo! Ndiyo maana nimechukua karatasi, mimi ambaye mwandiko wangu unafanana na nyayo za kuku, niwaandikie ninyi mnaobaki barazani. Mkicheka herufi zangu, chekeni, lakini msome mpaka mwisho.

Ninyi mmesoma Kiingereza shuleni. Mnayajua maneno yale yenye mkia wa "-ly", mnayaimba yote, "slowly", "quickly", "badly", na mwalimu wenu amewapa jina lake, vielezi. Mimi jina hilo nimelisikia uzeeni. Mimi nayaita maneno ya "je". Alikujaje, alipigaje, alivushaje. Nilijifunza thamani yake wakati wa Mjerumani, siyo darasani, bali kwa kumwona mtu akitiwa kamba kwa sababu neno moja la namna hiyo halikufika kwa mwenye kuamua.

Nilizaliwa Kiberege. Mama yangu Mndamba wa mtoni, baba Mpogoro aliyeshuka kutoka upande wa Mahenge. Shule nilisoma kwa mapadri mpaka nikaweza kusoma jina langu, kisha mpunga ukaanza kuchanua, nikaitwa kulinda ndege, na sikurudi tena. Kiswahili nilikipata njiani, nikibeba mizigo ya wasafiri kwenda Kilosa. Basi nilikuwa na lugha tatu na sina hata shati. Boma walitaka mtu wa aina hiyo hasa, shati walikuwa nalo wao.

Siku ya kwanza nilidhani nitazungumza na mzungu. Wapi! Shahidi alisema kwa Kindamba au Kipogoro, mimi nikayageuza kwa Kiswahili, na Bwana Omari akayageuza kwa Kijerumani. Bwana Omari alikuwa mtu wa pwani, mkalimani mkuu, kanzu safi hata wakati wa matope, na siku zote ana kipande cha tangawizi shavuni ili sauti isikauke. Aliniita "mshenzi wangu", nami nilimwita mwalimu, na sote wawili tulimaanisha heshima. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba usianze kugeuza maneno mpaka shahidi ashushe pumzi, kwa kuwa wengi huweka jambo lenyewe mwishoni. Alinifundisha pia kusema "mimi" shahidi anaposema "mimi", nisiseme "yeye anasema". Mambo haya mawili nimeyatumia mpaka siku yangu ya mwisho, na sioni ninyi mkiyatumia.

Alikuwa na jambo moja alilokosea, lakini hakulizua yeye. Lilitoka kwa Bwana Mkubwa wa kambi. Mzungu huyo alitaka jibu la ndiyo au hapana. Tena alitaka shahidi asimame kama askari, mikono imeshikana na mapaja. Sasa niambieni, mtu wa bonde hili asiyeruhusiwa kutumia mikono atasema nini? Akitaka kusema samaki alikuwa mkubwa hivi, hivi ipi? Watu wetu wakieleza jambo huonyesha. Alianguka pu, alitulia ji, alitembea hivi anachechemea. Nusu ya ushahidi iko mabegani. Mzungu akaifunga nusu hiyo kwa amri, na nusu iliyobaki ikachujwa na Bwana Omari. Mimi nikimpa "alibeba akilia, mkuki uko mgongoni", yeye anatoa "alibeba".

Nilimwuliza kwa nini. Akahamisha tangawizi upande wa pili akasema, "Mshenzi wangu, huyu ana sahani ndogo. Ukimpakulia na mchuzi anaumwaga chini, kisha anayeufuta ni wewe."

Wakati wa amani mchezo huo haukuua mtu. Kesi zilikuwa za mbuzi, za mipaka ya mashamba, za wake waliorudi kwao. Kisha vikaja vita vya Maji Maji.

Sitaeleza vita. Wengi wenu mna babu zenu humo, nami nina wajomba. Naeleza kilichofuata, maana hicho ndicho kilikuwa kazi yetu. Mashamba yalikuwa yamechomwa, watu wanachimba mizizi, na barazani kila siku wanaletwa watu waliofungwa kamba pamoja ili ijulikane nani alikuwa upande wa maji. Swali lilikuwa moja tu, ulifanya au hukufanya. Ulibeba nafaka yao? Uliwapa moto? Uliwaonyesha njia?

Kulikuwa na mtu wa kwetu Kiberege, mfinyanzi, mkewe ana mimba. Alikuwa amewabebea mtama. Alisema, na nilimpa Bwana Omari yote kama alivyosema, "Nilibeba kwa kusukumwa na mikuki, nikauangusha njiani, nikapigwa, nikaubeba tena." Bwana Omari akasema neno moja la Kijerumani. Yule mtu alinyongwa. Mpaka leo sifuniki chungu nyumbani bila kumkumbuka, na mpaka leo nikimkumbuka nakasirika, siyo huzuni, hasira. Kwani kulikuwa na haraka gani? Mvua zilikuwa zinanyesha, barabara hazipitiki, mzungu hana pa kwenda. Angeweza kuuliza swali la pili.

Baada yake akaletwa Mzee Lipangile, mvushaji wa kivuko chetu hapa Kilombero.

Hapa lazima niwaeleze desturi, maana vijana wa siku hizi mnavuka mkiwa mmeinamia barua zenu. Mtumbwi una kichwa na una mkia. Mvushaji husimama mkiani na pondo lake, ule mti mrefu wa kusukumia, kichwa kinatangulia, na abiria anakaa akitazama ng'ambo anayokwenda. Hivyo huvushwa mgeni, hivyo huvushwa mgonjwa, na bi harusi hivyo hivyo ila kwa wimbo. Lakini mtu ambaye mvushaji anamvusha bila kupenda, hutangulizwa mkia. Mvushaji anasimama kichwani, anasukuma, mtumbwi unakwenda kinyumenyume, na abiria anakaa akitazama alikotoka. Hakuna tusi, hakuna neno. Ila walio ng'ambo hii na walio ng'ambo ile wakiona, wanajua huyo amevushwa kwa shingo upande. Watu wa boma walikuwa wakivushwa hivyo tangu walipofika bondeni, wakadhani ndivyo maji ya Kilombero yanavyotaka.

Lipangile hakuwa mtu wa boma wala mtu wa maji. Alikuwa mtu wa mto. Wapiganaji walipofika kivukoni kiangazi kile, aliwaambia hataki kuvusha vita, kwanza ni vya nani, tena vitakula mpunga wake. Wakamwekea mkuki shingoni. Akawavusha, wote, kinyumenyume. Nao waliijua desturi. Mmoja wao alicheka akasema, "Hata ukituvusha kichwa chini miguu juu, Babu, wewe tuvushe."

Mashahidi wawili walikuwa wavuvi waliokuwa majini asubuhi ile. Walisimama mikono mapajani, wakasema kila mmoja kwa wakati wake kwamba aliwavusha kinyumenyume. Nilimpa Bwana Omari neno hilo kama lilivyo. Kwa shahidi wa pili nilimrudia Bwana Omari, nikamwambia, mwalimu, neno hilo ndilo kesi yenyewe. Akanitazama, akatazama kiboko kilicholazwa mezani, akatoa maneno yake mafupi. Lipangile alipoulizwa mwenyewe alijibu, "Niliwavusha. Waulizeni waliokuwa ng'ambo niliwavushaje." Likapita hilo la kwanza tu.

Akahukumiwa kamba.

Sasa sikilizeni jinsi haki ilivyokuwa wakati ule. Kamba haikufungwa siku ile kwa sababu ya mizigo. Bwana Mkubwa alitakiwa kwenda Mahenge na masanduku yake, mto ulikuwa umefura, umemeza matete, pondo halifiki chini ila kwenye mgongo wa mchanga anaoujua mtu mmoja. Mtu huyo ndiye aliyekuwa kafungwa. Basi wakaamua atuvushe kwanza, anyongwe akirudi. Walilisema hilo mbele yake, na mimi nikatakiwa kuligeuza kwa Kindamba ili aelewe. Niliwahi kugeuza maneno mengi machafu katika kazi hii. Hakuna yaliyonichoma kinywa kama hayo.

Lipangile akasikiliza mpaka nikashusha pumzi. Akauliza tu kama wataifungua mikono.

Tulipanda wanne pamoja naye. Bwana Mkubwa kwenye kiti chake cha kukunja, Bwana Omari ameshika kingo zote mbili, maana mtu wa pwani yule aliogopa viboko wa mtoni kuliko kiboko cha mezani, na mimi. Nyuma yetu mitumbwi mingine ilisubiri ione tunapopita. Watu walijaa kingo zote mbili za mto, wamekonda, wamekuja kumwona Lipangile kwa mara ya mwisho.

Akapita katikati yetu, akaenda kusimama kichwani. Akasukuma. Mkia ukatangulia.

Ng'ambo zote mbili watu wakatulia ji. Huyu tayari ana kamba inayomngoja, na bado anamvusha Bwana Mkubwa kinyumenyume mchana kweupe. Mzungu naye, sijui ni kule kunyamaza kwa watu au ni kiti kutazama upande usio wake, siku hiyo kwa mara ya kwanza aliona. Tulikuwa katikati kabisa, mahali ambapo ukimpiga mvushaji unajipiga mwenyewe. Akauliza kwa Kiswahili chake cha gwaride, "Hii nini? Mtumbwi gani hii kwenda nyuma?"

Bwana Omari akaniuliza mimi, nami nikamwuliza Lipangile. Lipangile hakuacha kusukuma. Alisema, "Mwambie hivi ndivyo ninavyomvusha mtu nisiyemtaka."

Nikamgeuzia Bwana Omari, neno kwa neno. Nikadhani atachuja. Lakini aliwatazama wale watu kwenye kingo, akaitema tangawizi majini, akaanza kusema Kijerumani kirefu ambacho sijapata kukisikia kwake kabla wala baada. Mikono aliiachia kingo za mtumbwi ili aonyeshe. Alionyesha kichwa, akaonyesha mkia, akaonyesha mkuki shingoni.

"Na wale wa maji?" mzungu akauliza, kama Bwana Omari alivyonieleza baadaye.

"Hivi hivi."

"Mashahidi waliona?"

"Waliona na walisema, Bwana Mkubwa."

"Mbona wewe hukusema?"

Hapo Bwana Omari akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili sote tusikie. "Uliuliza kama aliwavusha. Hukuuliza aliwavushaje."

Lipangile akasukuma mpaka mkia ukagusa mchanga.

Ng'ambo ile mzungu alishuka, akatembea kidogo huku na huku, akaamuru Lipangile asinyongwe, kwa kuwa maadui aliwavusha bila kupenda. Watu wakapumua. Kisha, pumzi hiyo hiyo haijatoka yote, akaamuru apigwe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kwa kuwa na yeye Bwana Mkubwa alimvusha bila kupenda. Wakamlaza pale pale mchangani. Neno moja liliokoa shingo yake na neno hilo hilo likachana mgongo wake. Na alipokwisha kupigwa alirudishwa kwenye mtumbwi kuvusha masanduku yaliyobaki. Mimi niliyahesabia hayo yote kuwa dhuluma, na nayahesabia hivyo hata sasa. Kama neno lingefika barazani lilipotoka kinywani mwa mvuvi wa kwanza, mtu yule asingesimama chini ya kamba wala asingelala chini ya kiboko. Na yule mfinyanzi wa kwetu je? Yeye hakuwa na mtumbwi wa kumfanya mzungu aulize.

Bwana Omari tangu siku ile hakuchuja tena, hata alipotukanwa. Alihamishwa mapema kuliko alivyotarajia. Aliniachia kanzu moja na kipande cha tangawizi, nikavivaa na kuvitafuna vyote mpaka vikaisha.

Kisha vita vya wazungu kwa wazungu, akaja Mwingereza, nami nikaanza upya kujifunza lugha utu uzima, kwa mpishi mmoja aliyekuwa anasoma magazeti ya kufungia nyama. Jambo la kwanza nililomwomba anifundishe ni maneno ya "je". Alicheka, alitaka tuanze na mkate na maziwa. Nikamwambia mkate sitaulizwa barazani.

Hapa wenye kalamu mbili, tulieni. Kiingereza huyaweka maneno hayo nje, yanasimama peke yake. Kiswahili chetu mara nyingi huyaficha ndani ya kitendo. Shahidi akisema "hulewa", hakusema amelewa. Amesema ni tabia yake, na Mwingereza hawezi kulijua hilo mpaka mumtolee "usually" mliweke wazi. Akisema "alikuwa amekwisha ondoka", hilo "kwisha" ni "already", na mtu anaweza kulala ndani au nje kwa ajili yake. "Nusura" ni "almost". Ukiliacha, umemfanya mtu apige ambaye hakupiga. Na "only" ndiyo mtoro kupita yote. "Tu" yetu humfuata mwenyewe nyuma kama mbwa mwenye adabu, lakini "only" hutangulia, na likitangulia asiye wake limeharibu. Alinipiga mimi tu, alinipiga tu, yeye tu alinipiga, hizo ni kesi tatu na hukumu tatu. Mkiwa na shaka, mwulizeni shahidi tena mbele ya watu. Hakuna aibu. Mimi nilimwuliza mtu mara nyingi mpaka Bwana Shauri mmoja akanipa jina la Bwana Je, na alipohamishwa aliniambia kwamba siku za kwanza alinichukia "badly" na siku za mwisho alinihitaji "badly". Hilo nalo mkalitafakari, neno moja na nyuso mbili.

Wala msiyamwage kama chumvi ya bure. Kuna kijana wa Sanje, kila mtu kwake hutembea "slowly" na kulia "bitterly", hata mwizi wa kuku. Shahidi hakusema hivyo. Kuongeza ni kuiba kama kupunguza.

Nimefika mwisho, ila kuna jambo la kivukoni.

Miaka yote hiyo Lipangile aliendelea kuvusha, na miaka yote hiyo mimi alinivusha kinyumenyume. Wa Mjerumani, wa Mwingereza, kwake ni boma tu. Sikuwahi kulalamika mbele yake. Nyumbani nililalamika sana, mke wangu ni shahidi, kwamba mimi niliyelitoa neno lile kinywani mwake katikati ya mto nafanywa sawa na waliompiga. Nilisalimu shikamoo, akaitikia marahaba Mdomo, kwa maana ndilo jina alilonipa, akaenda kusimama kichwani, nami nikakaa nikitazama Ifakara ikienda mbali.

Mwezi uliopita nilishuka kivukoni kwenda kuwajulisha baba zangu wadogo wa upande wa Mahenge kwamba kazi imekwisha. Lipangile ni mzee sana sasa, watoto wake wanamkataza kuvusha, yeye hawasikilizi. Tulisalimiana kama kawaida. Nikakaa kama kawaida. Akasukuma.

Tulipofika penye maji mengi nikamwambia, "Nimeacha kazi, Babu."

Alisukuma mara moja, akasukuma tena. Katika miaka yangu yote ya boma, wakubwa wameniuliza nani, wameniuliza nini, wameniuliza lini. Yeye akauliza, "Umeachaje, Mdomo?"

"Kabisa," nikasema. "Kwa kupenda mwenyewe."

Akalitoa pondo majini, akaacha mto uushike mtumbwi. Ukaanza kuzunguka polepole. Akanipita akinishika bega, akaenda kusimama mkiani, akasukuma, na nikaiona ng'ambo ninayokwenda.